Je, babu yetu wa Keya alikuwa askari wa miavuli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Tukuyu. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, mwaka 1942 na hakurudi. Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba alikuwa askari wa miavuli na alifia Bama. Baada ya vita mwenzake alikuja na kipande cha kitambaa, akampa bibi akisema ni cha mwavuli. Bibi alikitunza kwenye sanduku mpaka alipofariki, na sasa kiko kwa shangazi, ambaye amepita miaka themanini na aliiona siku ile kwa macho yake. Baba mdogo, ambaye bibi alimzaa baadaye aliporithiwa na mdogo wake babu, anacheka. Anasema miavuli ni hariri, na kile ni kipande cha gunia la kahawa. Mwaka huu tunajengea makaburi ya ukoo na fundi anasubiri maneno ya kuchonga. Tuandike "Askari wa Miavuli"? Na kaburi lake hasa liko wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na ndaga, yaani asante, kwa kuniamini na jambo la ukoo.

Nianze na fundi, maana siku zake mnazilipia. Mwambieni asichonge "Askari wa Miavuli". Lakini kabla baba mdogo hajacheka mara ya pili, msomeeni jibu hili lote, kwa sababu kwenye habari ya gunia naona shangazi anaweza kumshinda.

Keya, yaani King's African Rifles (KAR), walikuwa askari wa miguu. Katika Vita vya Pili vya Dunia walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, ambayo leo ni Myanmar na ambayo wazee wetu waliiita Bama. Kote huko hapakuwa na kikosi cha Keya kilichofunzwa kuruka kutoka kwenye ndege. Waliokuwa na mafunzo hayo upande wa Burma walikuwa Waingereza, Wahindi na Wagurkha. Brigedi ya 50 ya miavuli ya India ilipigana Sangshak mwezi Machi 1944, tena ardhini kama askari wengine wote. Kuruka kwenyewe kunakotajwa sana ni kule kwa Wagurkha karibu na Rangoon, tarehe 1 Mei 1945. Wapo Waafrika walioingia nyuma ya mistari ya Wajapani kwa ndege, lakini walikuwa wa Afrika Magharibi, wengi wao Wanigeria, na ndege ziliwashusha chini kama abiria.

Babu yako, kama alikuwa Keya wa Tanganyika na alifia Burma, kwa uwezekano mkubwa alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa beji ya kichwa cha kifaru. Ndani yake kulikuwa na batalioni mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Tanganyika nzima ilitoa watu karibu 87,000 katika vita vile, na Jimbo la Nyanda za Juu Kusini lilitoa sehemu yake: Wanyakyusa, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wasafwa. Wengine walijitolea, wengine machifu walitakiwa watoe idadi. Neno lako "alichukuliwa" linaweza kubeba yote mawili, na ni vizuri mkamuuliza shangazi lilimaanisha nini nyumbani kwenu.

Divisheni hiyo ilivushwa bahari hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, ikafunzwa vita vya msituni. Katikati ya mwaka 1944 ikapelekwa mpaka wa India na Burma, na kuanzia Agosti ikashuka kutoka Tamu kuingia Bonde la Kabaw. Ni hapa mwavuli unapoingia katika habari ya babu yako, kwa hiyo nivumilie nikae kidogo.

Wazungu waliokuwa kule waliliita Kabaw bonde la mauti, na risasi ilikuwa sababu mojawapo tu. Malaria ilikuwa nyingi, na kulikuwa na homa kali inayoletwa na wadudu wadogo wa kwenye nyasi. Askari walipangwa mstari na kumezeshwa vidonge vya mepakrini, vya kuzuia malaria, mbele ya mkubwa wao, ili asiwepo wa kutema. Isitoshe, walipelekwa wakati wa masika ya kule. Wewe ni mtu wa Tukuyu, mvua hukuanza kuiona juzi, lakini fikiria mvua ya Tukuyu juu ya barabara ya udongo inayopitiwa na malori na mizinga ya divisheni nzima. Barabara ilikufa. Magogo yalitandazwa njiani, tembo wakatumika kukokota mbao za madaraja, na bado lori lilizama mpaka kwenye sakafu yake.

Sasa watu maelfu wako mbele, porini, na lori halifiki. Watakula nini? Walilishwa kutoka juu. Ndege za Dakota zilipita chini juu ya uwazi uliofyekwa na kuwekewa alama za vitambaa ardhini, na watu waliokuwa ndani wakasukuma mizigo mlangoni. Risasi, dawa na vitu vya kuvunjika vilishuka kwa miavuli. Mchele na vitu vingine visivyovunjika viliachiwa hivihivi, ndani ya magunia mawili mawili, moja juu ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Gunia la namna hiyo likimkuta mtu chini humuua, na wapo waliokufa hivyo.

Kwa hiyo askari wa Keya aliyepita Kabaw hakuwahi kuvaa mwavuli mgongoni, ila aliuona mara nyingi kuliko mvulana yeyote wa Rungwe wa wakati ule. Kwake mwavuli ulikuwa chakula. Kitambaa chake kilikuwa shuka, pazia la mvua, bandeji, mfuko wa kubebea vitu. Na pale ambapo mtu amekufa na sanda haipo, askari hufunika mwenzao kwa kilicho karibu.

Tuje kwenye gunia la baba mdogo. Kweli, miavuli ya watu kuruka ilikuwa hariri au nailoni, laini, ukiishika inateleza kama kitenge kipya. Lakini Jeshi la Kumi na Nne la Jenerali Slim, ambalo divisheni ya akina babu yako ilikuwa chini yake, lilikuwa la mwisho kwenye foleni ya kila kitu. Ulaya ilikuwa ikipewa kwanza. Miavuli ilipokosekana, watu wa Slim walikwenda kwa wenye viwanda vya magunia Calcutta wakawauliza kama mwavuli wa mizigo unaweza kushonwa kwa juti, nyuzi zilezile za gunia. Ukashonwa, na ukafanya kazi. Wenyewe waliuita parajuti. Mmoja uligharimu kama pauni moja, wakati mwavuli wa kawaida ulikuwa pauni 20 hivi. Haukutumika kumshusha mtu, lakini kwa sanduku la risasi au kibegi cha chumvi ulitosha kabisa.

Unaona tulipofika. Baba mdogo anasema kitambaa hakiwezi kuwa mwavuli kwa sababu ni gunia. Mimi nasema kule alikopigania baba yake mkubwa, huo ugunia ndio unaonifanya nisikilize. Mtu anayetaka kudanganya wajane angeleta kitu kinachong'aa. Hivi nani mwaka 1946, pale Rungwe, angefikiria kubuni mwavuli wa gunia?

Hata hivyo kiangalieni kabla hamjaringa. Kitandazeni mezani mchana. Gunia la kahawa lina mshono ulionyooka ubavuni na pindo mdomoni, na mara nyingi hubaki na alama za wino. Mwavuli huundwa kwa vipande vilivyochongoka kuelekea juu, kwa hiyo mishono yake hukaribiana upande mmoja na kuachana upande wa pili, na kamba hushonewa pindoni. Kama kipande chenu ni kidogo na hakina mshono wala pindo, mtabaki na neno la shangazi dhidi ya neno la baba mdogo. Hapo mimi nampa uzito aliyekuwepo.

Na neno la shangazi ndilo ninalotaka mlirudie. Usimuulize "babu alikuwa askari wa miavuli?", kwa kuwa atajibu ndiyo, kama alivyojibu miaka yote. Muulize yule mgeni alisimama wapi, alikaribishwa nini, bibi alifanya nini alipopewa kitambaa, na mgeni alitamka maneno gani, kwa Kinyakyusa chenyewe kama alizungumza Kinyakyusa. Nimesikiliza familia nyingi za Keya, kuanzia Mufindi mpaka Kyela, na kitu kilekile hunirudia: jambo hubaki, kiungo cha sentensi hupotea. "Alifunikwa kwa mwavuli" ikipita kwa watoto wawili watatu inakuwa "alikuwa wa mwavuli". Kisha baba zenu wakakua, wakawaona askari wa miavuli wa JWTZ, wakajazia picha. Hakuna aliyesema uongo hapo. Kama shangazi atakumbuka neno la kufunika, basi bibi yako alikuwa ametunza sehemu ya sanda ya mumewe. Nadhani mtu halitunzi gunia la kahawa sandukuni maisha yote, hata akiwa mchoyo wa namna gani.

Nikutahadharishe jambo moja ambalo nimewaona wengi wakilikosea. Kitambaa kinathibitisha kwamba huyo mwenzake alifika kwenye miavuli. Hakithibitishi kwamba babu yako alifika. Wako waliokufa Ceylon kwa ugonjwa, na makaburi ya askari wa Afrika Mashariki yapo Kandy. Wako waliozama njiani: tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kikapoteza watu mamia kwa dakika chache. Wengine walifia hospitali za India. Kwa hiyo kabla ya kuandika "Burma" kwenye jiwe, mtafuteni kwenye daftari.

Daftari lipo, na kutazama ni bure. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina kwenye intaneti, na unaweza kuchuja kwa mwaka wa kifo na kwa vikosi vya Afrika Mashariki. Tatizo litakuwa jina. Karani wa mwaka 1942 aliandika alichosikia. Ambakisye ameandikwa Ambakisie, Ambakise, Bakise. Jina la ukoo linaloanza na Mwa- linaweza kuwa limeachwa kabisa, na jina la baba yake likawekwa mahali pake. Usitafute jina moja mara moja ukakata tamaa. Andika kwanza majina yote ya babu: la utotoni, la ubatizo, la baba yake, la ukoo. Kisha jaribu kila moja kwa tahajia tatu nne, pamoja na zile zinazokuchekesha. Ukipata kundi la majina yanayofanana, angalia batalioni na mwaka.

Kama alifia Burma na kaburi lake likajulikana, uwezekano mkubwa atakuwa Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, au Imphal upande wa India. Kama halikujulikana, jina lake litakuwa kwenye Mnara wa Rangoon, uliomo ndani ya makaburi hayohayo ya Taukkyan. Ni safu za nguzo zenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, na majina ya Keya yamo. Waliozama na Khedive Ismail wako kwenye mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, ambako mtu wa Tukuyu anaweza kufika kwa basi akivumilia.

Mna bahati kwamba ni vita vya Hitla. Wanaoniuliza kuhusu vita vya kwanza, hasa wapagazi waliochukuliwa Iringa, Njombe na Rungwe, nawajibu kwa uchungu. Tume yenyewe ilikubali mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa vita vya pili majina yaliandikwa vizuri zaidi, ingawa si kwa ukamilifu. Mkikuta kosa, au mkakuta hayumo kabisa, Tume hupokea ushahidi na kurekebisha.

Ushahidi utoke wapi? Anzeni kanisani. Kama ukoo wenu ni wa Moravian, wamisionari wao walianza Rungwe mwaka 1891, na daftari la ubatizo au ndoa linaweza kuwa na jina la babu kama alivyolitamka mwenyewe, pamoja na la baba yake. Msishangae mkikuta miaka ya vita ina mapengo, maana wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini vita vilipoanza. Kisha tafuteni kwenye sanduku la bibi: karatasi yoyote yenye namba ya jeshi, barua ya boma, cheti, hata bahasha. Askari alikuwa na haki ya kumkatia mkewe sehemu ya mshahara, na pesa hizo zililipwa bomani, kwa hiyo bibi pengine aliwahi kutembea mpaka Tukuyu mjini kuzichukua. Namba ya jeshi ikipatikana, nusu ya kazi imekwisha. Shajara za kila siku za batalioni zenyewe ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, katika mafungu ya WO 172. Humo utajua batalioni ya 36 ililala wapi tarehe fulani, lakini usitarajie kumkuta askari wa kawaida ametajwa kwa jina. Waliotajwa kwa jina ni maofisa. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Na mtu akikupigia simu akasema kuna fidia ya Keya ila mlipe kwanza ada ya fomu, mkatie simu.

Sasa jiwe. Umesema makaburi ya ukoo yanajengewa pamoja, na babu hana mwili pale. Waluo humzikia asiyepatikana tunda la mwegea. Kwenu mfanye kinachokubaliwa na wazee wenu na kanisa lenu, na sitaki kuwafundisha Wanyakyusa namna ya kulia. Ninachoomba ni jiwe lisije likamdanganya mjukuu wa mjukuu. Watu wataliona kaburi lililojengewa na watadhani yumo. Kwa hiyo liandikwe wazi. Mimi ningempa fundi maneno haya: jina lake kwa tahajia ya ubatizo, kisha "Askari wa KAR. Alikwenda vitani 1942, hakurudi. Hakuzikwa hapa." Mwaka na mahali pa kifo mwacheni fundi aache nafasi ya mistari miwili. Marumaru si lazima ijae siku moja, na kama baada ya mwaka mmekuta jina lake Taukkyan au Kandy, atarudi na patasi yake.

Ndugu wengine watauliza kwa nini jina la "miavuli" liondolewe wakati ukoo mzima unamjua hivyo. Waambieni halikuondolewa, limehamia kwenye kitambaa. Aliyepita Kabaw kwa miguu, kwenye tope, akila kilichoangushwa, hahitaji kupewa ndege ili aonekane shujaa. Tarehe 2 Desemba 1944 wenzake waliingia Kalewa kwenye mto Chindwin, na siku chache baadaye wahandisi wakatandika pale daraja la chuma la karibu mita 350, lililokuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati huo. Askari wengi wa Slim wakapita juu yake. Barabara ya kufikia mto huo ilifunguliwa na watu wenye beji ya kifaru.

Kitambaa chenyewe, msikijengee ndani ya saruji. Najua wapo watakaopendekeza, nimeshaombwa ushauri huo mara mbili na mara zote nimekataa. Saruji ni mbichi na ina chokaa, itakila. Msikifue pia, hata kama kinanuka moshi wa bibi. Juti ya miaka themanini ikilowa huvunjika kama nyasi kavu. Kizungusheni kwenye shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa bila kutiwa rangi, mkiviringishe bila kukikunja, mkiweke mahali pa juu na pakavu. Msikitie kwenye mfuko wa nailoni, kwa unyevu wa Tukuyu kitaota ukungu kabla ya Pasaka. Pigeni picha pande zote mbili, sarafu ikiwa kando ili ukubwa uonekane, na picha za karibu za ufumaji.

Lakini kitambaa kimesubiri muda wote huo, kinaweza kusubiri wiki nyingine. Nendeni kwanza kwa shangazi, wewe na baba mdogo pamoja, simu ikiwa inarekodi, na baba mdogo awe amekubali kunyamaza mpaka shangazi amalize.